Chetezo Mlangoni kwa Mwalimu Komba

Jamani, leo nimejificha jikoni kwangu mwenyewe na sitoki.

Mnajua nimefungua vyumba viwili vya wageni hapa nyumbani, Kilindoni. Mgeni wa kwanza kabisa kaingia jana: Mwalimu Komba, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Songea. Kwenye simu aliniambia anakuja likizo, na akipapenda, mwezi ujao atawaleta wastaafu wenzake kumi na wawili. Kumi na wawili! Tangu hapo kazi yangu ni moja, kumtazama usoni nione kama kafurahi.

Uso wenyewe hausemi kitu.

Asubuhi nikamwamkia. "Shikamoo Mwalimu, umelalaje?"

"Marahaba. Vizuri."

Nikamwekea vitumbua vya moto na chai ya mchaichai. Akala saba (nilihesabu kupitia dirisha la jikoni, ndiyo, nina tabia hiyo). Akafuta mdomo. "Vizuri." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikasikia kishindo kimoja. Puu! Halafu kimya.

Nikaanza kushuku. Mtu anakula vitumbua saba halafu anajifungia?

Saa tatu akaenda na boti kumwona potwe, yule papa mkubwa mpole ambaye watu wanatoka mbali kuja kuogelea naye. Nahodha Athumani nilimwomba amchunguze. Waliporudi nikamvuta pembeni.

"Alifurahi?"

"Dada, sijui nikwambieje. Potwe kapita chini yake, karibu hivi. Wageni wengine wote wanapiga kelele, mama mmoja kalia kabisa. Yeye kapanda botini, kakamua kaptula, kasema 'Vizuri.'"

"Basi?"

"Basi."

Nani anamwona potwe akasema vizuri? Ama ameudhika na ananificha, ama mle mwilini hayuko peke yake. (Hilo la pili ni la shangazi yangu ninayeishi naye, Bi Mwanakombo, ambaye kwake hata bomba likikauka ni shetani.)

Mchana nikampikia pweza wa nazi. Akasafisha sahani. "Vizuri." Chumbani. Komeo, kach! Halafu, jamani, zikaanza sauti. Mmmmh! Mmmmmh! Kama mtu aliyezibwa mdomo. Na vishindo, puu, puu, puu, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Umesikia?" Shangazi akaninong'oneza. "Huyo kapata wa baharini. Kapanda naye kutoka majini. Lete makaa."

Nilipaswa kubisha hodi. Najua! Lakini niliwaza, mgeni wangu wa kwanza akifia chumbani, nani atakuja tena? Wale kumi na wawili ndio basi. Kwa hiyo Shangazi akashika chetezo, ubani unafuka kama tanuri la chokaa. Mimi nikashika ufagio. (Msiniulize wa nini.) Nikauegemea mlango nisikie zaidi. Lile komeo ambalo tangu mfungo nasema nitalitengeneza kesho, likang'oka. Nikaingia kifudifudi mpaka katikati ya chumba.

Nikainua kichwa.

Mwalimu Komba, msuli kiunoni, miwani ya kuogelea kwenye paji la uso, mto kaung'ata kwa meno, anacheza ngoma ya kwao! Anaruka, anatua, mabega yanakwenda.

"Toka!" Shangazi akapaza sauti pale mlangoni. "Mwache mja wa watu! Toka!"

Mwalimu akautoa mto mdomoni. "Nitoke niende wapi, mama? Si chumba changu hiki?"

Moshi ukamkaba, akakohoa mpaka machozi. Mimi bado niko chini na ufagio wangu. Natamani sakafu inimeze.

"Mwalimu," nikasema, "tulidhani unaumwa."

Akakaa kitandani, akaupakata mto. "Binti yangu, nimekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na nane. Wanafunzi wakikuona umecheka, shule imekwisha. Nilikuwa nikifurahi naingia ofisini, nafunga mlango, namaliza, natoka. Nikazoea. Mke wangu mwenyewe hunisubiri nje." "Leo nimeona samaki mkubwa kuliko basi la shule. Ulitaka nifanyeje?"

"Na asubuhi, vile vitumbua?" (Umbea haukomi hata mtu akiwa sakafuni.)

"Vile niliruka mara moja tu."

Nikajikusanya, nikajipangusa. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na wale wenzako, Mwalimu? Bado utawaleta?"

"Nitawaleta. Lakini tengeneza komeo. Wote walikuwa walimu wakuu."

Basi mwenye kujua wanakouza mito minene aniambie, nahitaji kumi na miwili. Na humu msinicheke, tafadhali. Aliyeshindwa kabisa aingie chumbani, afunge mlango, aume mto wa kwake.