Kichwa Kijinyoe kwa Miguu

Jumatatu, 4 Machi
Umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine yangu ya kunyolea imelala kama maiti. Ng'ambo ya barabara kinyozi mwenzangu, ninayemwita Bwana Jua, ananyoa kwa raha zake, kisa ana sola juu ya paa. Leo kanipungia mkono. Mkono wenye mashine inayonguruma! Wivu sina. Nimeudhika tu. Ila shemeji yangu anaoa Jumamosi, na nilimwapia mke wangu kuwa kichwa cha kaka yake ni changu mimi. Nikishindwa, mama mkwe atanisema mpaka niingie kaburini.

Jumanne, 5 Machi
Umeme haujarudi, na wanasema ni hadi wiki ijayo. Nimefungua kitabu cha sayansi cha binti yangu. Makubwa! Nishati haipotei, hubadilika tu. Chakula huwa nguvu ya misuli, misuli huleta mwendo, mwendo huleta umeme. Kumbe kila mteja huingia dukani na umeme wake tumboni, nami namkalisha bure!

Alhamisi, 7 Machi
Fundi baiskeli amenifungia baiskeli dukani, gurudumu la nyuma likielea, dainamo pembeni, waya hadi kwenye mashine. Mteja akanyage pedali, nami ninyoe. Fundi alisema hajawahi kuona jambo kama hili. Nikamwambia hata aliyebuni gurudumu alichekwa. Nikakanyaga. Ikanguruma! Nikambusu fundi. Amejifuta shavu akaondoka.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kafika, hajala kutwa kwa kiwewe cha harusi. Tangi tupu! Nikamshindilia mkate na ndizi, nikampandisha. Akakanyaga, kichwa kikidonoa kama kuku. Nikapita katikati, paji hadi kisogo. Safi! Mara akachoka. Mashine ikazimika na kumng'ata nywele. Akapiga yowe. Nikamsihi asiipoteze nguvu kwenye sauti, aipeleke miguuni. Akakanyaga kwa hasira. Waya ukatoa moshi, kisha cheche. Mwendo, sauti, joto, mwanga: kitabu kizima dukani kwangu! Nilikuwa napiga makofi mke wangu alipoingia. Aliuliza nani kamlimia kaka yake barabara kichwani. Akamkokota hadi ng'ambo. Kwa Bwana Jua! Nimechungulia dirishani nikiwa karibu kulia.

Jumamosi, 9 Machi
Harusi. Shemeji kipara kitupu. Bibi harusi anakipapasa na kucheka, kakipenda. Mke wangu haniongeleshi. Mama mkwe kaagiza nikae nyuma ya spika. Nimepata wasaa wa kutafakari, na kosa nimeliona: miguu ilikuwa miwili tu. Jifya moja haliinjiki chungu. Halafu muziki ukakolea, mama mkwe akaingia uwanjani. Sakafu ikatetemeka! Nguvu zile zote, zinapotea bure! Nikamfuata katikati ya wachezaji, nikampa shikamoo, nikamwomba kwa adabu zote aje Jumatatu anipandie baiskeli. Amesimama akanitazama, mikono kiunoni.

Nadhani anawaza kama tandiko litamtosha.