Sanduku la Simba, Namba 417

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeamka maskini, ninalala tajiri. Asante Mungu.
Kisilu, yule wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tala, alikuwa na sanduku la mbao nyuma ya misumari. Ndani, mahameli nyekundu. Visu vitatu vya kukunja, simba kwenye mpini. Sarafu za dhahabu, simba yuleyule. Kila kisu kimechorwa namba: 417 kati ya 500. Yaani dunia nzima, watu mia tano tu!
Kisilu alisema mteja alimwachia hilo sanduku badala ya kulipia mabati, na hajui lina thamani gani. Nilijikaza nisicheke. Sikuwa na pesa za kutosha. Tukabadilishana na baiskeli.
Mke wangu Kavindu aliuliza baiskeli iko wapi. Ndiyo hubeba mayai yake kwenda kwa hoteli. Nilimwambia avumilie kidogo, tunakaribia kutoka kwa umaskini. Hakugomba. Alikunja leso kuwa kata, akasema basi atayabeba kichwani. Si kila mtu hupewa mke kama huyu.

Jumanne, 3 Juni
Nimemkuta Kavindu akikatia sukuma wiki kwa kisu namba 417. Nimempokonya kwa upole. Alisema hata hivyo hakikati, kinaponda tu. Nimemweleza kwamba kisu cha thamani si cha mboga.
Jioni nimesugua sarafu moja kwa majivu ili ing'ae. Dhahabu imetoka kwenye pua ya simba. Chini yake kuna kitu cheupe. Fedha! Dhahabu juu, fedha chini. Kisilu maskini. Nitamnunulia soda.

Jumatano, 4 Juni
Nimeenda Machakos mjini kwa Swabra, Mama Hanif, aliyerithi duka la sonara la babake. Alinipa chai ya tangawizi, akamuulizia Kavindu, akaulizia na kuku. Kisha akatoa sumaku kwenye droo. Sarafu zangu zikairukia kama vifaranga wanaomkimbilia mama yao.
Nilisema labda ni sumaku kali.
"Dhahabu haishikwi na sumaku, Mzee Mutunga," alisema. "Hata fedha haishikwi. Hii ni chuma, imepakwa rangi."
Mpini, niliodhani ni wa pembe, aliugusa kwa sindano ya moto. Ukanuka kama jagi la plastiki lililosahaulika juu ya jiko. Alinionyesha mkwaruzo kwenye jicho la simba. Simba wote watatu wana mkwaruzo huohuo, mahali palepale, kwa sababu wametoka kwa kalibu moja.
Nikamuuliza, na ile namba? Akasema namba huandikwa na yuleyule anayeuza. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kichwani njia nzima: "Hivi vitu vilitengenezwa ili viwekwe, na kila mtu akaviweka. Kitu huwa adimu watu wakikitumia kikaisha."
Kilicho bora, alisema, ni bawaba za sanduku. Hakunidai hata senti. Alimfungia Kavindu mahamri. Huzuni ninayo, lakini ukiambiwa ukweli kwa chai ya tangawizi, unashukuru.

Alhamisi, 5 Juni
Kavindu ameteleza karibu na kisima. Mayai yote yamevunjika. Mwenye hoteli amemwambia akikosa tena, atachukua mayai ya mtu mwingine. Hayo mayai ndiyo karo ya Katunge, binti yetu. Kavindu alikaa kwenye kigoda akijikanda shingo, akaniuliza kama nimekula.
Nilibeba sanduku hadi kwa Kisilu. Njiani nilitunga hotuba nzima, na ndani yake kulikuwa na mjomba mgonjwa. Sikufika hata kwa mjomba. Kisilu alikuwa ameshatoa baiskeli nje na kuijaza upepo. Alisema amemwona Kavindu akipita mbele ya duka na trei kichwani, na tangu hapo hana raha.
"Chukua baiskeli, Baba Katunge," alisema. "Na hilo sanduku pia rudi nalo. Hapa linanizibia misumari."
Nilimshika mkono tu, kwa muda mrefu, mpaka wateja wakatuangalia. Kavindu aliposikia kengele ya baiskeli alicheka, kisha akafuta macho. Leo nimeomba kwa magoti, si kitandani.

Ijumaa, 6 Juni
Jirani yangu Ndunda ameniita uani kwake. Huyu nikipanda kunde, naye anapanda. Nikipaka ukuta rangi, naye anapaka. Alisema ako na kitu ambacho sijawahi kuona. Akafungua sanduku. Mahameli nyekundu. Simba. Sarafu. Namba 417 kati ya 500.
Nilicheka mpaka nikashika ua. Ndunda alikasirika, akasema ni wivu. Kisha kicheko kikanikauka. Masanduku mawili, namba moja!

Jumamosi, 7 Juni
Sasa nimeelewa. Kiwanda kilikosea. Visu vya kawaida viko vingi, Mama Hanif alisema kweli, na ninamshukuru. Lakini visu vilivyopewa namba moja kimakosa? Hivyo ni adimu kabisa. Mama Hanif hakuliona sanduku la Ndunda. Angejuaje?
Asubuhi nilimwendea Ndunda na uso wa mtu asiyetaka kitu. Alijivuta kidogo, kisha akakubali kuniachia lake. Pesa hakutaka.
Masanduku yote mawili yako chini ya kitanda. Kavindu bado yuko kanisani, mkutano wa akina mama. Ndunda aliipanda baiskeli, akaondoka mbio bila hata kuaga, akiogopa nisije nikabadili nia. Maskini. Hajui alichopoteza.