Mwakilishi wa Mheshimiwa Ghadir

Haidar alikuwa akipita zake Ngamiani alipoona turubai, viti vya plastiki, sofa moja iliyotandikwa vitambaa vya kufuma, na beberu mnene aliyefungwa utepe mwekundu shingoni. Bango likasema: Mahafali ya Darasa la Ushonaji. Mgeni Rasmi: Mheshimiwa Ghadir. Sofa ilikuwa tupu. Na beberu, kama ilivyo ada ya shughuli hizi, ni zawadi ya mgeni rasmi.

Haidar akafunga vifungo vya koti. Wengine wana shamba, wengine wana duka; yeye alikuwa na koti lile jeusi, basi. Ndilo lililomlisha harusini na misibani.

"Shikamoo bibi," akamwambia Bi Thuwaiba, mwenye darasa. "Mheshimiwa amebanwa na majukumu. Nimekuja kumwakilisha."

"Marahaba mwanangu, karibu mbele!"

Hakuna aliyemdai kitambulisho. Nchi hii utadaiwa kitambulisho ukinunua laini ya simu, si ukimwakilisha mheshimiwa.

Akakalishwa sofani, akala sambusa tano. Risala ikasomwa: vyerehani hatuna, vitambaa hatuna. Haidar akasimama. "Changamoto zenu nimezichukua! Vyerehani ishirini, hilo nalifanyia kazi!" Vigelegele vikapaa. Beberu naye akalia, Haidar akamtazama kwa mapenzi ya mtu anayejua bei ya supu.

"Sasa mtihani wa vitendo," alitangaza Bi Thuwaiba. "Kwa desturi yetu, mgeni rasmi ndiye mzinduzi. Mheshimiwa, tupe koti."

Akalivua akitabasamu, akidhani linakwenda kupigwa pasi. Wahitimu kumi na wawili wakalivamia na mikasi. Kufumba na kufumbua, mikono huku, bitana kule, na mgongo umeshaanza kuwa kaptura ya mtoto wa shule.

"Mnafanya nini?" Haidar alipiga ukelele. "Mheshimiwa Ghadir atawafunga nyote!"

Bi Thuwaiba akaketi kando yake, akashusha sauti. "Mwanangu, huyo nilimtunga mwenyewe. Mwaka wa tano huu naandika jina lake, na hajakosa mwakilishi hata mara moja. Tena wote huja na makoti mazuri. Beberu nimemwazima kwa jirani."

Machozi yakamlengalenga Haidar. "Bibi, lile koti ndiyo kazi yangu!"

"Ala! Pole baba." Bi Thuwaiba akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Waambie wageni. Kazi gani?"