Kiingereza cha Kumnasia Lamis

Ijumaa, 22 Mei
Mona amepiga simu kutoka Uingereza. Jumapili wanaingia, yeye na Lamis wangu! Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Halafu binti yangu huyo akanitilia mchanga kitumbua: eti Lamis, sasa ana miaka tisa, atachagua mwenyewe nyumba ya kulala usiku wa kuamkia Idi. Kwangu hapa Mji wa Kale, au kwa Bi Swafia, mama wa babake, kule Makadara. Achague! Tangu lini mtoto akachagua bibi kama anayechagua viatu?

Swafia alikuwa karani wa ofisi. Kiingereza chake hutokea puani. Mimi baba alinitoa shule darasa la pili. Na mtoto, asema Mona, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Basi nimeshapigwa? Thubutu! Nitajifunza Kiingereza. Kesho yanitosha. Kichwa ninacho.

Jumamosi, 23 Mei
Nimepata mwalimu. Lennox, yule anayetembeza watalii Ndia Kuu. Malipo: mahamri ya moto na mbaazi. Kala kama hajala tangu Idi iliyopita.

Lugha yenyewe haina akili. Bahari ni "sii", kuona nako "sii". Jicho "ai", mimi pia "ai". Unga ni "flawa", na ua la bustanini "flawa" vile vile! Nikamuuliza Lennox, watu waliotawala dunia nzima walikosa maneno ama walikuwa mabahili? Akasema hayo ni ya vitabuni, watoto wa huko wana yao ya mtaani. Kitu kikiwapendeza sana husema "sik", yaani kigonjwa. Nikamwambia hiyo si lugha, ni laana. Akaapa. Haya. Nimelala nalo mdomoni.

Jumapili, 24 Mei
Wamefika! Lamis mrefu, mwembamba kama njiti ya ufagio. Nikamkumbatia, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Lamis, yu sik!" Mtoto akaduwaa. Mona akamrukia, akamshika paji la uso kutafuta homa. Akaletewa maji, akaambiwa alale.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia Swafia. Buibui jipya, manukato mpaka nyumba ya pili. Akamuuliza mtoto habari za safari kwa Kiingereza kirefu kama gari moshi. Mtoto akajibu neno moja. Akamuuliza shule. Neno moja. Wamekaa kitako kama wanaomsubiri daktari. Bado Swafia ananitazama kama keshashinda.

Hasira zikanipanda, Kiingereza chote kikaruka. Nikamgeukia mtoto: "Kefule! Na wewe mke mwenza, kaa chini, ondoa viatu kwenye mkeka wangu! Umekuja kuniibia mume na adabu huna?" Mtoto akamuuliza mamake ni mume gani. Mona akamweleza kwamba huku bibi humtania mjukuu hivyo, kana kwamba wote wawili ni wake wa babu. Lamis akacheka hadi kwikwi. Sijui alicheka nini. Mimi nilikuwa nagomba.

Jumatatu, 25 Mei
Lennox kaniongeza maneno. "Slei" ni kupendeza. "Nokapu" ni sisemi uongo, ingawa neno kwa neno ni hakuna kofia. Kofia imeingilia wapi? Nikalijaribu kwa muuza nyama. Nikamwambia nyama yake ya juzi ilikuwa mifupa mitupu, nokapu! Maskini akashika kofia yake kichwani.

Jioni Lamis akanifuata jikoni. Kiingereza nilikuwa nacho tayari, lakini kazi imenizidi. Nikamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikamtia kizio mkononi. Anakuna taratibu kama anaogopa kuiumiza! Nikamfokea: "Waikuna ama waibembeleza?" Akakuna mara mbili. Kisha akanirudishia maneno yangu vile vile, na mdomo kaupinda kama wangu. Nikamtupia kumbi la nazi. Baadaye namsikia akimwambia mamake anayemchana nywele: "Wachana ama wabembeleza?" Utovu wa adabu.

Jumanne, 26 Mei
Siku ya Arafa. Nimefunga, kichwa chauma, na hukumu ni leo. Baada ya kufuturu akaja Swafia na gari la kukodi. Kwake kuna kiyoyozi, kitanda kipya, piza. Yote kayasema kwa Kiingereza laini kama samli. Mtoto kaniangalia mimi. Nyumba hii haijaamka na mtoto siku ya Idi tangu Mona aolewe. Nikasimama, nikatoa silaha zote kwa pamoja: "Lamis, mai hausi sik! Slei! Nokapu!"

Mona akajifunika uso. Swafia akachekea ndani ya buibui. Lamis akasimama, akashika kiuno: "Kefule! Mke mwenza, kaa chini!"

Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Kisha akabeba begi lake, akaliingiza chumbani kwangu.

Nimeshinda! Swafia alibaki anakunja ncha ya mtandio wake. Akanitia huruma, kidogo. Nikamwambia kesho aje mapema, biriani ni ya watu wote, na asije mikono mitupu.

Jumatano, 27 Mei
Idi. Lamis nimemvisha kwa mikono yangu. Alilala kanikumbatia shingo, karibu anikabe.

Swafia kaja na sinia la halua. Akanivuta pembeni, akaniuliza polepole nimempataje mtoto. Sikumficha. Nikamwambia ni Kiingereza. Chako cha ofisi, kimechacha. Changu cha mtaani, kibichi. Akaomba namba ya Lennox. Anaanza masomo kesho, maskini. Nimemwambia aanze na unga na maua.

Jambo moja tu lanikera. Swafia alikuwa akikata halua kwa madaha, na Lamis akamwambia mbele za wageni: "Waikata ama waibembeleza?" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Swafia naye akacheka, akamvutia mtoto kifuani, na mtoto akamwita mke mwenza. Mimi sikucheka. Mdomo ule mtoto kautoa wapi? Ni hizo shule za Uingereza. Lazima niseme na Mona.