Shangazi Hayumo Katika Historia ya Kiwanda

Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Miaka Hamsini ya Kiwanda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, nawe ukiwa umeketi. Mimi ni fundi mstaafu wa kiwanda chetu cha kutengeneza mashine za kufumia nguo. Kitabu chako nimekisoma chote, hata orodha ya makosa ya chapa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa kumi na mbili unasema mashine yetu ya kwanza ilibuniwa na Mzee Mwanzilishi "baada ya kutafakari kwa kina." Mhariri, nilikuwepo, nimeshika spana. Mashine ilitetemeka mpaka madirisha yakaitikia, na ilikata nyuzi kila baada ya dakika mbili. Mzee alitafakari kweli, kichwa mikononi. Ndipo shangazi yangu, aliyeajiriwa kuijaribu, akavua kandambili moja, akakata kipande na kukipachika kati ya magurudumu mawili. Mzee akamwambia, "Mama, hiyo si kazi yako." Mashine ikatulia, ikafuma jora zima. Mzee akasema, "Haya, basi ni kazi yako."

2. Mpira wa namna hiyo umo katika kila mashine tuliyouza tangu siku ile. Wewe unauita "kifyonza mtetemo." Shangazi alirudi nyumbani mguu mmoja peku, na hilo hukuliandika.

3. Paka wa stoo amepewa picha ukurasa mzima. Shangazi hakupewa hata mstari.

4. Kwa hiyo naomba kitabu kichapishwe upya, kiwanda kiitwe kwa jina lake, na kila mwenye shati lililofumwa kwa mashine zetu apitie kwake kushukuru. Wasije wote siku moja. Ana viti vinne tu.

Siandiki kwa chuki. Shangazi ana miaka themanini na moja, na wajukuu wake hawaamini kwamba aliwahi kukanyaga kiwandani. Wanadhani ni hadithi za uzee. Hilo linamuuma, ingawa hasemi.

Wasalimie mpiga chapa, makarani wote, na nyumbani kwako bila kumbakisha mtu.

Nabaki wako, mikono ikiwa bado na grisi,
Fundi Spana (mstaafu)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nimemsomea Shangazi barua hii, wajukuu wakisikiliza. Amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema hakuwa anatengeneza chochote: alichoshwa na zile kelele, akapachika mpira ili mashine ikwame aende zake nyumbani. Ilipozidi kwenda vizuri, akaona haya kusema. Anaomba kitabu ukiache kilivyo. Wajukuu sasa wanaamini kila neno.