Mzee wa Kiti cha Nyuma

Gari lilipokata kona kuingia mtaa wa vipuri, Injinia aliliona kabla hajalisikia. Lilikuwa gari kubwa, la juu, la watu wanaopenda kuonekana wakipita, ila hili lilikuwa limekaa chini upande wa nyuma kama mbwa aliyeambiwa akae. Pua ilitazama mawingu, bampa la nyuma lilikaribia kufagia lami. Injinia aliweka kikombe cha chai chini taratibu. Kwa watu wa kawaida, gari la namna ile ni gari lenye springi zilizochoka. Kwa yeye lilikuwa riziki inayotafuta mahali pa kuegesha.

Tuseme mapema, maana mwenyewe hatasema: hakuwa injinia. Jina alijipa siku aliyookota kofia ngumu ya manjano, na kofia ikawa cheti chake. Spana alizijua, hilo hatumnyimi. Alijifunza ufundi ujanani, kabla hajagundua kwamba maneno hayachafui mikono. Tangu hapo aliishi kwa mdomo. Aliwahi kumuuzia mtu vioo vya pembeni vya gari lake mwenyewe, na mtu yule akamshukuru kwa kumpunguzia bei.

Lakini siku hiyo hakutakiwa kuuza hata boliti. Duka lilikuwa la dada yake mkubwa, mjane aliyeuza springi za magari na kuheshimika mtaa mzima. Injinia alilala stoo, nyuma ya duka, kwa huruma ya dada, na huruma yenyewe ilikuwa imebaki nyembamba. Asubuhi, kabla ya kwenda kufuata mzigo ghalani, dada alimsimamisha mlangoni.

"Mtu akija, mwambie nimetoka, arudi jioni. Usiuze kitu."

"Sawa, dada."

"Na zile springi mbili nzito za kwenye kona usiziguse. Zina mwenyewe. Ameshazilipia, anazifuata leo jioni."

"Kwani mimi mtoto, dada?"

"Nikikuta umefanya maajabu yako, begi lako utalikuta nje. Safari hii sitanii, mdogo wangu. Nimechoka kukutetea kwa watu."

Aliyasema bila hasira, ndiyo maana yalimchoma. Injinia alikuwa na huyo dada mmoja tu duniani, na milango mingine yote aliyowahi kulala nyuma yake alikuwa ameifunga kwa mkono wake mwenyewe. Akaapa kimoyomoyo kwamba leo atakaa kama sanamu. Kiapo kilidumu mpaka gari liliposimama mbele ya duka.

Akashuka mama wa makamo, miwani ya jua usoni, funguo zikining'inia kidoleni, na mwendo wa mtu asiyeuliza bei.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mwenye duka."

"Ndiye unayeongea naye," alisema Injinia, na hapo kiapo kikawa marehemu.

Alilizunguka gari mikono nyuma, akiguna kila baada ya hatua chache, mguno wa daktari mwenye habari mbaya. Alipofika dirisha la nyuma alichungulia, na alichokiona kilimfurahisha hadi nyayoni. Kwenye kiti cha watu watatu alikaa mzee mmoja, amekijaza chote. Mikono imelala juu ya tumbo, tumbo limelala juu ya mapaja, na mwenyewe amelala juu ya vyote. Springi za gari hazikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa unakoroma.

Mpango ukajipanga wenyewe. Utapima kimo cha gari mzee akiwa ndani. Utamteremsha. Utatoa springi zilezile, utazisugua, utazipaka rangi nyekundu, utazirudisha. Kisha utapima tena mzee akiwa nje, na gari litakuwa limepanda. Sayansi tupu.

Alipiga magoti, akatega sikio kwenye bampa, akagonga chini ya gari kwa kijiko cha chai.

"Zinakohoa," alisema.

"Nini kinakohoa?"

"Springi, mama. Ya kushoto inakohoa, ya kulia inaitikia. Nani alikuchagulia hizi?"

"Fundi mmoja tu huko."

"Fundi." Injinia alilitamka neno hilo kama mtu aliyeng'ata limau. "Mama, watu wanadhani springi ni chuma. Springi ni tabia. Kuna springi ya mtu mpole, ya mtu mwenye haraka, ya familia yenye ugomvi. Ukimfungia mtu wa haraka springi ya mpole, gari linakata tamaa. Hili hapa limekata tamaa. Litazame macho."

Mama alizitazama taa za mbele kwa muda, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kumbe ndiyo maana. Basi nimepata mtu. Maana hili ni moja tu, mwanangu. Nina magari mengine ya kampuni, yanabeba wageni, na yote yamekaa mkao huuhuu. Yule fundi wangu alinifanyia unyama. Alizipaka rangi springi zilezile za zamani, akanirudishia kama mpya."

Injinia alimeza mate. "Kuna watu hawamwogopi Mungu."

"Nilimgundua kwa hii," alisema mama, akainua kucha ndefu ya kidole gumba. "Nikakwaruza, rangi ikatoka. Tangu siku ile nakwaruza kila kitu. Hivyo mimi kwanza nachaguliwa springi nikiona, pili nafungiwa nikiangalia, tatu najaribu barabarani. Nikiridhika nalipa, na magari yote yanakuja kwako."

Magari yote. Injinia aliyaona yakipanga foleni mpaka mwisho wa mtaa, mikia chini, yakimsubiri yeye. Alijiona ofisini, kiti kinachozunguka, dada akimletea chai na kumwita kaka ingawa yeye ndiye mdogo. Rangi nyekundu ikafutika kichwani. Samaki mkubwa hataki ndoano tupu, anataka chambo, na chambo chenyewe lazima kiwe springi za kweli.

Akamkaribisha ndani. Akazipanga springi sakafuni, akazikandamiza moja moja kwa goti, akafumba macho, akazisikiliza. Alitaka kumpa zile nyepesi za bei ya chini, lakini jambo la ajabu likamtokea: akaanza kufikiri. Springi nyepesi, mzee yule akipanda tu, mkia utarudi chini palepale, na magari mengine hayatakuja.

"Mama, huyu mzee hupanda siku zote, au leo tu?"

"Mume wangu? Tangu tumeoana hajawahi kukaa kiti kingine. Mbele anasema kunamtisha."

"Basi hizi hazifai. Unahitaji springi inayojua kwamba kuna mtu nyuma."

Dukani zilikuwapo mbili tu za namna hiyo. Zilisimama kwenye kona, nene, nyeusi, zimefungwa karatasi. Injinia alizitazama, zikamtazama. Alikumbuka maneno ya dada neno kwa neno, akayapima vizuri, akaona yana mwanya. Dada alisema asiuze. Yeye hauzi, anajaribisha. Alisema asiziguse, na kwa hilo Injinia alivaa glavu.

Kumteremsha mzee ilikuwa kazi ya kuhamisha kabati. Mama alivuta mkono, Injinia akasukuma mgongo, mzee akafumbua jicho moja, akatoka, akasafirishwa hadi kwenye kiti cha dada na kuendelea na usingizi pale alipouachia. Gari nalo likapumua na kupanda.

Kisha ikaja jeki. Injinia alilala chini ya gari kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alifungua shokapu, akashusha ekseli, akachomoa springi za zamani zikiwa na kutu na udongo, huku mama amekaa kwenye kigoda pembeni akikwaruza kila kinachopita mbele yake. Jasho lilimwingia machoni. Grisi ilimpanda hadi viwikoni. Cha ajabu zaidi, mikono ilikumbuka. Springi ziliketi mahali pake bila kubishana, na Injinia alijikuta anapiga mluzi.

Jeki iliposhuka, gari lilisimama mkia juu, kama bata anayetafuta kitu chini ya maji.

"Mbona sasa linachungulia chini?" aliuliza mama.

"Hapo mzee hayumo. Springi zinamsubiri. Akipanda, litakaa sawasawa kama uzi. Tumrudishe uone."

"Mwache apumzike, hakulala vizuri. Kwanza nisikie mwenyewe barabarani. Nafika njia panda, nageuza, narudi kulipa."

Mdomo wa Injinia ulifunguka kudai dhamana, maana mjanja ni mjanja hata akiwa na grisi masikioni. Mama alimwahi.

"Au huniamini? Mwanangu, nakuachia mume."

Injinia aliona haya. Katika maisha yake yote ya kuwaingiza watu mjini alikuwa ameshaona dhamana za kila aina, saa za bandia, hati za viwanja vilivyo ziwani, lakini mume mzima, mwenye uzito ule, hakuwahi kupewa. Mtu anaweza kukimbia deni. Nani anamkimbia mume akamwacha dukani?

Akampungia mkono. Gari likaondoka, mkia juu.

Kivuli cha kibao cha duka kilitambaa hadi upande wa pili wa barabara. Injinia alimnunulia mzee soda, akamwekea karibu. Akamfukuzia nzi. Baadaye akaanza kwenda ukingoni mwa barabara na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mzee akaamka na kuinywa soda kwa mkupuo.

"Mzee, mkeo mbona anachelewa?"

"Mke wangu? Yupo nyumbani anapika."

"Namaanisha mama aliyekuja na wewe."

"Aa, yule. Yule simjui. Alinikuta kituoni nasubiri basi, akasema, mzee panda, kaa nyuma, usiteremke mpaka nikuteremshe. Nikasema kumbe dunia bado ina watu wema."

Injinia alikaa chini, palepale kwenye springi kuukuu. Hakuwaza kampuni wala foleni ya magari. Aliliwaza begi lake, na uso wa dada akisema amechoka, na aliona kabisa kwamba safari hii hana neno la kumwambia. Mdomo uliomlisha miaka yote ulikuwa mkavu.

"Pole, kijana," alisema mzee. "Na wewe alikuahidi lifti?"

"Kubwa sana, mzee."

Alimwonea huruma mwenzake, wote wametupwa na mtu mmoja. Akajipapasa mifukoni, akampa nauli ya basi, yote aliyokuwa nayo, akamsindikiza hadi ukingo wa barabara akimshika kiwiko. Wakati huohuo dada akatokea upande wa pili, kitambaa kichwani, mkokoteni wa mzigo ukimfuata.

Ndipo gari likaja. Gari lilelile. Lilisimama mbele ya mzee, mlango wa nyuma ukafunguka kutoka ndani, na mzee, ambaye asubuhi alihitaji kusukumwa na watu wawili, alirukia ndani kama mtu anayewahi kiti kwenye basi. Mama alishusha kioo kidogo.

"Ahsante kwa nauli, mwanangu," alisema.

Mkia ulishuka, ukatikisika kidogo, ukatulia. Gari lilisimama sawasawa, mbele na nyuma, bila kuinama hata unywele. Likaondoka hivyo, limenyooka, limetulia, likivuka mashimo ya mtaa wa vipuri bila kuyumba, mpaka likapotea.

Dada alilisindikiza kwa macho. Alikuwa ameuza springi tangu ujana wake, na jicho lake halikuhitaji kuambiwa.

"Zile ni za kwenye kona," alisema.

"Ndizo."

"Amezifunga nani?"

"Mimi."

"Na nani alizichagua?"

"Mimi, dada." Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kulisema mtaa ule. "Nimekosa. Kalitoe begi."

Dada alisonya, akafuta jasho kwa pindo la kitambaa. Macho yake yalikuwa yamelowa, na haikuwa wazi kama ni hasira au ni kicheko kinachozuiwa.

"Begi litangoja. Mwenye springi zake huyo anakuja. Utampokea wewe, utamweleza zimekwenda wapi. Ukiongeza neno moja la uongo, mimi nitasikia, na utalala kwa uliowadanganya."

Mteja aliegesha mbele ya duka, mtu mwembamba mwenye haraka. Injinia alisimama mbele yake na grisi yake, akavua kofia ya manjano. Kusema kweli kulimpa shida. Maneno matamu yalikuja yenyewe, akayameza moja moja.

"Kaka, springi zako nimezifunga kwenye gari la mama mmoja. Alikuwa na mzee mzito kiti cha nyuma. Nilitaka kumtapeli, kwa hiyo nikamfungia kwa uaminifu. Akaenda kujaribu gari, akaniachia mumewe kama dhamana. Mume hakuwa wake. Nikampa nauli. Kisha wameondoka pamoja."

Mteja alimtazama toka juu hadi chini. Akamgeukia dada.

"Dada yangu, na heshima yako yote mtaani hapa, unamwachiaje duka mtu mwongo kiasi hiki?"

Injinia aliinamisha kichwa. Alikuwa ameaminiwa kwa vioo, kwa rangi, kwa springi zinazokohoa. Leo amesema kweli tupu na hakuna wa kuinunua.

"Si uongo," alisema dada. "Nilikuwepo, nimeona. Huyu ni mdogo wangu. Springi zako atakuchagulia nyingine kwenye mzigo huu, na atazifunga yeye, bure, na kesho pia yupo, na keshokutwa."

Akachukua ovaroli iliyoning'inia nyuma ya mlango, akamrushia kifuani. Injinia aliidaka. Akageukia ukutani akajifanya anatafuta mkono wa ovaroli. Alipomaliza kuvaa alilifuata gari la mteja, akakunjua jeki.

"Kaka, nani hukaa kiti cha nyuma?"

"Hakuna mtu," alisema mteja.

Injinia alifungua mlango akachungulia mwenyewe.