Kwinini Zangu na Mafuriko ya Mikindani

Jumapili, 5 Novemba 1961
Mvua haikatiki. Madereva wanasema barabara ya Nairobi imekatika, hakuna mzigo utakaoshuka. Mbu wamejaa. Homa ya malaria yaja, na dawa yake ni kwinini. Nikakaa dukani kwangu, mimi Mahfudh, muuza dawa wa bondeni, nikapata wazo. Nitaficha kwinini zote niseme zimekwisha. Yeslam, mwenye duka la dawa ng'ambo ya kijito, kule mlimani, atauza zake mpaka rafu ibaki tupu. Hapo nitafungua zangu. Tuone nani ataitwa daktari!

Nimezipanga stoo, chini sakafuni, chini ya magunia ya pamba. Mke wangu Ruwaida akauliza kwa nini sakafuni, na mvua hii. Nikamwambia biashara ina siri zake.

Jumatatu, 6 Novemba
Rispa, mke wa Erastus wa bandarini Kipevu, alikuja kutaka kwinini za kuweka nyumbani. Nikamwambia zimekwisha, aende kwa Yeslam. Nimewaelekeza wengi huko. Jioni Yeslam akaniletea salamu na shukrani kwa kumpelekea wateja. Mtu hana haya.

Jumanne, 7 Novemba
Balaa. Yeslam anampa kila mgonjwa dozi yake tu, hauzi za akiba. Kwa mwendo huo hazitakwisha hata Krismasi. Ikabidi nikamsaidie kuzimaliza. Nilijifunga shuka nikaenda natetemeka, nikasema nyumba nzima tu wagonjwa. Akanipima joto. Akasema ni joto la mtu aliyeshiba. Hata hivyo akanipa dozi, akasimama mbele yangu mpaka nikameza. Masikio yanalia kwa kwinini mpaka sasa.

Jumatano, 8 Novemba
Kijito kimefurika. Maji yameingia dukani mpaka magotini. Kwinini zimekuwa uji. Karatasi za majina zimebanduka kwenye chupa zote, zinaelea kama mashua za watoto. Nikasema si kitu, muuza dawa mzoefu huzijua dawa kwa ulimi. Nikaonja ya kwanza. Ilikuwa dawa ya kuchua viungo. Midomo imevimba. Ruwaida akazichukua chupa zote akazitupa, akasema hapa hanyweshwi mtu dawa isiyo na jina.

Alhamisi, 9 Novemba
Maji yametoka dukani lakini kijito bado kimejaa. Asubuhi Rispa alikuja amembeba bintiye Jael, mtoto anawaka kama jiko. Jumatatu aliona foleni kwa Yeslam akarudi nyumbani. Leo kijito hawezi kukivuka peke yake, na Erastus yuko zamu.

"Mzee Mahfudh, hata kidonge kimoja hakuna?"

Nikatazama chini. Ruwaida akasema polepole, "Jumatatu zilikuwapo."

Nilimpandisha Jael mabegani nikaingia majini, na mimi kuogelea sijui. Maji yalifika kifuani. Mtoto alishika masikio yangu mawili, pumzi zake moto kichwani. Nilisoma kila dua niliyoijua, na nyingine nusunusu. Rispa na Ruwaida walifuata wameshikana mikono.

Yeslam hakuuliza kitu. Alimpima Jael, akampa dawa, akaketi naye mpaka akatoa jasho. Kisha akanigeukia.

"Duka langu lina meza mbili, Mahfudh. Moja itumie wewe mpaka lako likauke."

Nilikohoa kidogo.

Jumamosi, 11 Novemba
Jael ameomba uji, akaomba tena. Alhamdulillahi. Watu wa Mikindani wananisifu kwa kumvusha. Sikuwakatalia. Nimeanza kazi kwenye meza ya Yeslam. Nimeisogeza kidogo karibu na mlango, wateja wanione kwanza. Yeslam aliirudisha mara mbili.

Jumatatu, 13 Novemba
Jua limetoka! Kuna jamaa anauza kiwanja palepale kando ya kijito, kwa bei ya kutupa, mwenyewe anahamia kwa nduguze. Watu wote huteka maji hapo. Wateja watakuja na ndoo zao! Tumeshapeana mikono. Nitajenga duka kubwa, na stoo nitaichimba chini ya ardhi, Yeslam asijue nina nini. Yeye anasema mvua haijaisha. Wallahi, huyu anaogopa ushindani. Mafuriko ya namna hii hayaji mara mbili.

Nimemweleza Ruwaida. Anapandisha magodoro juu ya kabati.